Kitambaa Cheupe cha Nahar bin Sweilim

Maneno ya binti yake Tarfa, yamesomwa na mjukuu wake Salama bin Hazza mbele ya Ruwaybat na Bani Shumayl, siku ya tatu ya matanga, Kisima cha Hudayra, Jumapili tarehe 16 Novemba 1952

Marehemu baba yetu, Nahar bin Sweilim, aliishi miaka thelathini na mitano akiitwa mwenye uso mweusi kwa sababu ya damu ambayo hakuimwaga. Aliyeimwaga alijua, akaahidi kukiri mbele ya watu, na hakukiri. Nimeomba hili lisomwe kwanza, ili kila aliyeketi chini ya hema hili ajue anasikia habari za mtu gani.

Marehemu alizaliwa mwaka wa theluji kubwa, ile iliyoua ngamia wakiwa wamepiga magoti. Mwanangu Salama, ambaye ni karani mjini Maan na ndiye anayewasomea, amepiga hesabu akapata mwaka 1879. Alizaliwa safarini, kati ya Jafr na kisima hiki. Mama yake alikuwa ametangulia na mizigo, na wanaume walipofika jioni walikuta hema limesimama, moto umewaka, na mtoto amelala ndani ya mfuko wa tandiko. Alikuwa wa ukoo wetu wa Ruwaybat.

Shule hakuiona, kama mimi nisivyoiona. Sura alizosalia alifundishwa na imamu mmoja aliyepita na msafara wa mahujaji. Elimu yake nyingine yote aliipata kwa ami yake Mutlaq, aliyekuwa mwamuzi wa sheria za kikabila. Majira matatu ya baridi alimpikia kahawa na kusikiliza kesi. Siku moja mwanamke alikuja kulalamika kwamba kiriba chake cha samli kimeibwa, na Mutlaq akamtuma Nahar akatazame nyayo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alirudi akasimama mbele ya baraza.

"Umeona nini?" Mutlaq akamwuliza.

"Nyayo za mtu mzima, ami. Mguu wa kushoto, kidole cha pili kimepanda juu ya gumba."

Baraza zima likageuka kuutazama mguu wa Mutlaq. Mzee naye akautazama, kana kwamba hajawahi kukutana nao, kisha akasema, "Samli ilikuwa nzuri. Mwizi atatoa kondoo." Akamtoa siku hiyo hiyo. Tangu hapo watu walisema, Nahar akiona jambo, amelisema. Naomba mlikumbuke hilo.

Alimwoa mama yetu, Nuwayr bint Jurayd, majira ya machipuko ya mwaka 1904. Mama alipenda kusimulia kwamba alimkubali kwa sababu wachumba wengine walisifia ngamia wao na yeye alisifia kahawa ya baba mkwe. Mimi nilizaliwa mwaka 1906, ndugu yangu Frayj mwaka 1912. Katikati alikuwapo Dalla, aliyeondoka kwa surua kabla ya kutembea.

Sasa nitasema ya vita, na vijana wavumilie, kwa kuwa wamesikia upande mmoja tu.

Kati yetu Ruwaybat na Bani Shumayl kulikuwa na damu ya miaka kumi na mmoja, yote kwa ajili ya kisima hiki. Waturuki walipoleta reli, Bani Shumayl walichukua mshahara wa kuilinda, nasi tukaishi kwa kuing'oa. Mwaka 1911 walituvamia asubuhi, wakamwua Sheikh Rakan wetu na kumchukua ngamia wake jike mweupe, Shaqha, ambaye hakumtii mtu ila Rakan na mwanawe Mijhim. Mijhim alikuwa na miaka kumi na sita. Leo ni Sheikh Mijhim, na mnamwona pale ameegemea mto wa heshima.

Mwezi wa Septemba 1917 wakaja na dhahabu wajumbe wa mwana wa Sharifu wa Makka, aliyekuwa amewaasi Waturuki. Walitaka daraja la reli lenye matao manne, kusini mwa Maan, livunjwe kabla ya mvua. Daraja lilikuwa katika nchi ya Bani Shumayl, ambao tayari walikuwa wamechoshwa na Waturuki. Bunduki nyingi zilikuwa kwetu. Ukoo mmoja peke yake usingeweza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliona kwa macho yangu jambo ambalo wazee walisema halitaonekana mpaka Kiyama. Watu ambao hawakuwahi kunywa maji ya kisima hiki pamoja walikaa duara moja. Sheikh Dablan wa Bani Shumayl, Mungu amrehemu, alichimba shimo kwa jambia lake akasema, "Tunazika." Kila mwenye dai akasimama akalitaja, na kwa kila dai akatupa kokoto shimoni. Ndugu yangu. Farasi wangu. Mwanangu. Tangu alfajiri hadi adhuhuri hapakusikika kingine ila majina na kokoto. Wanaume wenye ndevu nyeupe walilia bila kujifunika. Mijhim naye alisimama akasema, "Baba yangu, na Shaqha," akatupa kokoto mbili. Shimo likafukiwa. Kilichozikwa namna hiyo hakifukuliwi.

"Nani anaweka uso wake dhamana?" Dablan akauliza.

Marehemu akasimama. Mzee mmoja wa kwao akacheka. "Uso wako una ndevu chache, mwana wa Sweilim."

"Ndevu chache hazifichi kitu, ami."

Wakacheka koo zote mbili, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichowaunganisha kuliko dhahabu ya wajumbe. Kisha akasema: "Mtu wa Shumayl akiguswa na mtu wa Ruwaybat, ameguswa usoni pangu, mpaka daraja lianguke."

Sheria mnaijua. Aliyeweka uso akivunjiwa, ama amtoe mvunjaji hadharani, ama atundikiwe kitambaa cheusi kisimani, na tangu siku hiyo neno lake si ushahidi na kahawa yake hainywewi.

Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba, siku moja kabla ya safari, marehemu alikuwa hapa kisimani akisimamia zamu za kunywesha. Mijhim alikuwa akiteka maji na kuwaimbia ngamia wake, ule wito wa babake. Akaja Khalaf bin Uwayd wa Bani Shumayl akiwa juu ya Shaqha. Ngamia aliposikia wito aligeuka. Khalaf akamvuta hatamu, akampiga, haikusaidia. Miaka sita ilikuwa imepita, na ngamia akaenda moja kwa moja akaweka shingo yake juu ya bega la Mijhim.

Khalaf hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu ya kubebwa asikotaka, akatafuta mzaha.

"Mwite tena," akasema. "Labda na baba yako atakuja."

Mijhim akampiga risasi hapo hapo, juu ya ngamia yule yule. Zamu ya pili ilikuwa haijafika, na aliyeona alikuwa mmoja tu, baba yetu.

Ninayosema sasa sikuambiwa. Nilikuwa nyuma ya pazia la hema na mama yangu, aliyekuwa akikanda unga. Mijhim aliingia mbio upande wa wanaume na kukumbatia nguzo ya kati. Marehemu akaingia nyuma yake.

"Niko chini ya hema lako, Baba Frayj. Niko usoni pako."

"Uso gani? Umeukata sasa hivi."

Mijhim akazidi kuikumbatia nguzo.

"Toa mkono kwenye nguzo."

"Siutoi."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya unga. Mtu mwingine angemburura nje, na wengi wangemsifu. Lakini aliyeshika nguzo ya hema ameshika hifadhi ya mwenye hema, hata akiwa amemwua mtu wako. Hapo marehemu akawa amefungwa kwa sheria mbili, moja ikimwambia amtoe, nyingine ikimwambia asimtoe.

"Ukinitaja," Mijhim akasema, "bunduki zangu themanini zinarudi nyumbani leo. Na Dablan ataanza na mahema yenu."

"Najua kuhesabu, kijana."

"Nipe mpaka tutoke darajani. Tukirudi nitasimama kisimani mbele ya koo mbili niseme ni mimi. Kitambaa cheupe nitakutundikia kwa mkono wangu huu."

"Rudia."

Akarudia. Marehemu akamwambia arudie mara ya tatu, akarudia. Kisha Mijhim akatoka kupitia upande wa nyuma, na marehemu akageukia pazia. Akasema nalo, bila kulifunua: "Tarfa. Ulichosikia kimebaki hapo. Mimi nikiwa hai, neno ni lake kulisema, si letu. Nikifa naye hajasema, ulimi wako uko huru."

Basi leo uko huru.

Alimlaza Khalaf juu ya Shaqha akamfunika kwa joho lake mwenyewe, akaenda peke yake kambini kwa Bani Shumayl, bila bunduki wala jambia. Haya nilisimuliwa baadaye na Hazza, ndugu wa Khalaf, aliyekuwapo. Alisema wanaume walikuwa wakipakia ngamia, na walipomwona anakuja kwa miguu akimwongoza ngamia mweupe mwenye mzigo ule, hakuna aliyeinua silaha, kwa mshangao. Akaingia hema la Dablan, akakaa. Wakammiminia kahawa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Akaiweka chini bila kuinywa.

"Una ombi," Dablan akasema.

"Ninalo."

"Aliyemwua ni nani?"

"Damu hii iko juu yangu."

"Sikuuliza iko juu ya nani. Nimeuliza nani."

"Sitamtaja. Nitundikieni cheusi. Ombi langu ni moja: twende darajani kama tulivyoapa. Nitapanda katikati yenu, na daraja likianguka nitakuja kwako nikiwa kichwa wazi, unifanye utakavyo."

Hazza alikuwa ameshachomoa jambia. Dablan alimwambia, "Keti. Mtu amekuja kununua siku tatu kwa shingo yake. Sijawahi kuona bei hiyo." Kisha akamwambia baba yetu, "Kunywa." Akanywa. Hiyo ndiyo kahawa ya mwisho aliyonyweshwa na kabila lolote.

Kesho yake niliwaona wakiondoka. Ngamia mia nne, mstari mmoja, mtu wa kwao na mtu wa kwetu, na hadi leo nikifumba macho naona vumbi lile likisimama kama ukuta. Kitambaa cheusi kilikuwa juu ya mti hapo kisimani na kila mmoja alipita chini yake. Marehemu alipita wa mwisho. Hakuinamisha kichwa.

Huko darajani alidai abebe baruti mwenyewe mpaka tao la tatu, chini ya bunduki za Waturuki. Wenzake walimzuia. "Mimi ni mali ya Dablan sasa," aliwaambia. "Iacheni mali ya Dablan ifanye kazi." Hazza alimfuata nyuma. Aliniambia: "Nilikwenda ili nimwue akijaribu kukimbia. Hakugeuka hata mara moja. Aliponiona niko karibu alinipa ncha ya uzi wa baruti nishike, kama mtu anavyompa nduguye kamba ya ndoo." Daraja lilianguka adhuhuri ya tarehe 5 Oktoba. Sisi wanawake tulikuwa mbali mwendo wa nusu siku, na maji yalitikisika ndani ya viriba. Bunduki za Mijhim zilipigana vizuri. Sitamnyima hilo. Bila yeye daraja lingesimama mpaka leo, na marehemu alilijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Waliporudi, marehemu alivua kilemba, akajifunga kamba yake ya kichwa shingoni, akatembea mpaka mbele ya Dablan. Koo zote mbili zilikuwa zimesimama hapa. Mijhim alikuwa juu ya Shaqha, ambaye alikuwa amerudishwa kwake katika mgawo wa nyara. Marehemu alimtazama. Watu walidhani anamtazama ngamia.

Mijhim hakusema neno.

Dablan hakumwua. Alidai ngamia wa diya, fidia ya damu, na msichana mmoja, kama sheria inavyoruhusu: msichana akae kwa ndugu wa aliyeuawa mpaka azae mwana wa kiume na mwana huyo aweze kubeba bunduki. Msichana alikuwa mimi. Walinisubiri mpaka mwaka 1920, nilipotimiza miaka kumi na minne, nikapelekwa bila kigelegele. Usiku ule, kabla sijaondoka, mama yangu alimwambia marehemu neno ambalo sijalisahau: "Umeuficha uso wa mwana wa mtu kwa uso wa mwanangu." Hakumjibu. Nilimchukia miaka mingi kwa kutomjibu. Nilidhani hana jibu. Nilipokuwa mtu mzima nikatambua kwamba jibu lilikuwapo, lakini lilikuwa na jina la mtu ndani yake, nalo hakulitaja hata kwetu tuliolijua.

Hazza hakunipiga. Hakuniita jina langu pia, kwa miaka minane. Alianza kuniita Tarfa siku aliyonisimulia habari za uzi wa baruti. Mwaka 1934 nilimtundikia Salama bunduki begani, akiwa na miaka kumi na miwili, nikasimama naye mbele ya wanaume wa Bani Shumayl nikasema, "Huyu hapa Khalaf wenu." Wakasema, "Umelipa." Nikarudi kwa baba yangu kwa miguu.

Kazi ya marehemu ilikuwa ngamia, na kufuata nyayo. Baada ya cheusi hakuna aliyemwita kuamua kesi, wala kutoa ushahidi wa nyayo, ingawa hakukuwa na macho kama yake kati ya Maan na Tabuk. Kila asubuhi alikaanga kahawa na kuitwanga kwa kinu cha shaba, kile kinacholia kama kengele kuita wageni. Watu wa koo zote mbili walipita mbali na hema. Alitwanga hivyo hivyo, kwa miaka thelathini na mitano. Wachuuzi wa Maan tu ndio walioingia, na mmoja wao, asiyejua lolote, aliwahi kumwambia, "Mzee, kwa kahawa hii ungepaswa kuwa na foleni." Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Foleni ipo, bwana," akasema. "Inakwenda polepole."

Mijhim alikuja mara moja, mwaka 1926, na kondoo sita. Mama alikuwa bado hai, na ndiye aliyenieleza.

"Nimekuwa sheikh, Baba Frayj," akasema. "Nikisimama sasa, aibu si yangu tena, ni ya ukoo mzima."

"Ulisema kwa mkono wako. Hukusema kwa mkono wa ukoo."

"Mwaka ujao."

"Chukua kondoo wako. Mwaka uache."

Mama yetu alifariki mwaka 1929 kabla ya kuona mwaka ujao wowote.

Maradhi ya marehemu yalikuwa ya kifua. Yalimwanza majira ya baridi yaliyopita. Frayj alimpeleka hospitali mjini Maan mwezi wa Agosti, na wakatutendea wema. Akaomba arudishwe nyumbani. Wiki ya mwisho hakuweza kushika mtwangio, akaniambia nitwange mimi. Nikamwambia, "Baba, kinu hiki kimemwita nani?" Akasema, "Twanga. Hajafika tu." Alifariki Alhamisi tarehe 13 Novemba, baada ya sala ya magharibi, uso wake umeelekea kisima, akazikwa Ijumaa. Tulimwosha. Niwaambieni mimi niliyempangusa uso: ulikuwa mweupe.

Ameacha mwana mmoja, Frayj. Binti mmoja, Tarfa. Wajukuu watano, wa kwanza wao akiwa Salama. Na ngamia wanane, mmoja wao mjukuu wa kike wa Shaqha. Alinunuliwa na marehemu sokoni bila kumwambia mtu kwa nini.

Kwa Bani Shumayl nasema: hakuna damu ya kudai. Khalaf ameshalipwa, nami ndimi niliyekuwa malipo. Salama mwanangu, usitetemeke unaposoma hapa. Wewe ndiwe damu hiyo iliyolipwa, na shimo halifukuliwi. Atakayeinua mkono kwa ajili ya maneno haya atakuwa amemkata uso baba yangu mara ya pili, naye hayupo kuuweka tena. Kwa Ruwaybat nasema: msimwinukie sheikh wenu, na msimwonee haya. Alikuwa kijana, na aliyetukanwa alikuwa baba yake. Ningesamehe risasi. Kimya cha miaka thelathini na mitano sikisamehe.

Sheikh Mijhim bin Rakan, asubuhi hii umekunywa kahawa yetu, ya kinu kile kile. Ulikuwa wa kwanza katika foleni.

Mungu ampokee Nahar bin Sweilim kama mgeni, amketishe mahali pa heshima, asimwulize jina ambalo hakumwambia mtu yeyote.

Kitambaa cheupe kiko hapa mbele yenu. Mama yetu alikifuma wiki ile ya daraja, akakihifadhi sandukuni ili kiwe tayari. Mti wa kisimani bado umesimama, na koo mbili zimekusanyika kama zilivyokuwa siku ile. Kinachodaiwa ni mkono mmoja tu wa kukitundika, na mkono huo ni wa Mijhim.